Mkwe Barazani, Jiko Chumbani

Wegesa alihamia Musoma mjini kutoka Butiama na adabu zote za kwao, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya mkwe. Mama hasemi na mume wa binti yake, hampi mkono, wala hainami kupika mbele yake. Tangu Mugeta amwoe binti yake Gloria, salamu zao zilipitia kwa Gloria, utadhani binti wa watu ni mkalimani.

Mkaa alikuwa ameshaupa talaka. Alipikia jiko la umeme, na sisi majirani tulizijua sifa za jiko hilo hata tusipouliza.

Jumapili moja Gloria na mumewe walikuja kutoka Bunda kumsalimia. Kuku ndiyo kwanza anaanza kuchemka, umeme ukakatika. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Mahali pakavu penye hewa palikuwa barazani tu, na barazani ameketi mkwe. Wegesa akaazima jiko la mkaa kwangu, akaliwashia mlango wa nyuma, lilipokolea akaliingiza chumbani kwake. Dirisha akafunga kwa ajili ya mvua.

"Mama, mkaa ndani unaua," Gloria akamwambia.

"Huu umeshakolea, hauna moshi. Mbona kule nyumbani nilikuwaga napikia ndani?"

Kule nyumbani jiko lake lilikuwa kibanda cha fito, upepo unaingia huku unatokea kule. Hilo hakulisema. Alimtuma binti dukani kufuata soda ya mumewe, akatia komeo mlangoni, maana mkwe akienda chooni angepita hapo.

Gloria aliporudi alibisha hodi, kimya. Akaita. Akasukuma mlango kwa bega, komeo halikutikisika. Kelele zake ndizo zilizonileta mimi, nikamkuta Mugeta amesimama wima barazani, mikono haijui iende wapi.

"Ni chumba cha mama," akasema.

Nilitamani kumzaba kibao.

"Atakufa, Mugeta," Gloria akamwambia. "Mama yangu atakufa na adabu zenu."

Ndipo akaenda kuupiga mlango teke. Alimtoa Wegesa amemkumbatia, amelegea kama nguo iliyoloweshwa, akamlaza barazani kwenye upepo, kichwa kwenye mkono wake. Mimi nilipepea kwa upande wa kanga, na sikufichi, niliogopa sana.

"Mama," Mugeta akawa anasema. "Vuta hewa, mama."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mkwewe.

Wegesa alichelewa kufumbua macho. Alipofumbua akaona ni mkono wa nani, akavuta kanga akajifunika uso.

"Gloria," akasema humo ndani ya kanga, "mwambie asante."

Tulimkimbiza hospitali, wakamwekea hewa, akarudi nyumbani na kichwa kinauma. Jiko langu nililichukua siku hiyohiyo, lakini ameshanunua lake, na umeme ukikatika anapikia barazani. Mugeta akiwepo hugeuza kiti akatazama ukuta.

Juzi walikuja tena kumsalimia, umeme ukakatika. Gloria alikuwa amekwenda sokoni Mwigobero kununua dagaa, wawili hao wamebaki barazani, mmoja na sufuria, mwingine na ukuta wake. Ugali ulipoiva Wegesa alitazama njiani, Gloria hajatokea. Akajifuta mikono, akauambia ule mgongo:

"Karibu ule, mwanangu, kitapoa."