Mkwe Aliyenigeuzia Kiti

Siku ile ya Lufingo haijanitoka, mwanangu Tumpe, na tangu unisomee hotuba yako jana hapa Makandana imenirudia kwa fujo. Nakaa, nasimama. Chai nimeiacha mpaka imepoa. Basi nisikilize kabla hujapanda Isongole kuomba hizo kura zako.

Wakati huo nilikuwa wakili kijana, mdomo mwepesi, ndiyo kwanza chama kimenipitisha kugombea ubunge. Nilishasimamia kesi nyingi za wajane waliofukuzwa mashambani na ndugu za marehemu, na mjini Tukuyu nilijulikana kwa hilo. Kila mkutano nililisema, akina mama wakanipigia vigelegele. Kikabaki kijiji kimoja nilichokiogopa kuliko mahakama yoyote: kijiji cha mume wangu, kule Lufingo, alikokuwa akiishi baba mkwe.

Ninyi wa siku hizi mnakula na wakwe zenu meza moja na kupiga nao picha. Sisi Wanyakyusa wa enzi zile, mke hakutani na baba mkwe. Ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite. Humtazami, husemi mbele yake, na jina lake hulitaji. Hata leo hutalisikia kinywani mwangu, na yeye alishazikwa zamani. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo anapandaje jukwaani mbele ya mkwe wake na kipaza sauti mkononi?

Nisipokwenda, wangesema mgombea anaogopa kwao. Nikienda, wangesema hana adabu. Mume wangu alitaka akanisomee hotuba yeye. Nikamjibu kwa hasira, "Katiba haijasema nigombee kwa mdomo wako." Yeye akacheka.

Tulifika mvua ikiwa imekatika. Watu wamejaa uwanja wa shule, na mbele kabisa, kwenye safu ya wazee, yumo! Nikajibanza nyuma ya gari, kanga usoni, wakili mzima. Mwenyekiti wa kijiji akaniita, akaniita tena. Nikazidi kujibanza.

Ndipo mzee akainuka. Hakutazama upande wangu. Alishika kiti chake, akakigeuza kikaelekea kwenye migomba, akaketi akiwa amenipa mgongo. Nikapanda.

Nilisema vizuri, nadhani. Barabara ya kupitishia ndizi, mbolea, zahanati. Habari ya wajane nikairuka. Niliujua ukoo wa mume wangu, kwamba kwao shamba ni la wanaume, na hapo walikuwa wamekaa wote, na mkubwa wao amenifanyia heshima ambayo sikuwahi kuisikia popote. Nikajiambia kwamba kuiruka ndiyo adabu.

Nilipokuwa namalizia, mzee akapaza sauti, uso bado uko migombani. "Mwenyekiti, nisaidie kumwuliza mgombea. Huko mjini nasikia anasema habari ya mashamba ya wajane. Hapa kwetu mbona hajaisema?"

Mwenyekiti akanirudishia swali neno kwa neno, kana kwamba mimi ni kiziwi. Nikamwambia, "Mwambie mzee niliogopa kumkosea."

"Mwambie habari hiyo mimi siipendi," mzee akasema. "Lakini nimegeuza kiti ili aseme, sikukigeuza ili anifiche. Kama anaogopa mgongo wangu, huko bungeni akitazamwa usoni na wakubwa atasema nini? Aseme yote!"

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kutamani ardhi inimeze. Kisha nikasema yote, bila kupunguza, jinsi mama anavyolima shamba miaka na miaka halafu anafukuzwa matanga hayajaisha. Wanaume walinguruma. Wengine waliondoka. Mzee alibaki mpaka neno la mwisho, akasema, "Ndaga," yaani asante, akabeba kiti chake akaenda zake.

Kijiji kile kilininyima kura, tena vibaya. Vingine vikanipa, nikaenda bungeni. Na huko, kila nilipotazamwa kwa lile jicho la kuniambia ninyamaze, nilikuwa nauona ule mgongo wenye koti la kijivu, nami nikawasha kipaza sauti.

Sasa wewe. Mjini umepanga kukemea lumbesa, hayo magunia ya viazi yanayojazwa mpaka yanavimba kichwani huku mkulima akilipwa gunia moja. Kwenye hotuba ya Isongole, kwenye viazi vyenyewe, hilo hulisemi, kwa sababu wenye malori wanaoyanunua ndio watakaokupokea. Ukaniambia ni busara ya siasa. Hiyo ndiyo inayoninyima kutulia tangu jana! Sheria umeisoma vizuri kuliko mimi, nami najivunia. Lakini sheria inakupa haki ya kusema tu. Wa kukusikiliza ni watu, na wengine wanajinyima ili wakusikie. Usiwape nusu ya maneno. Lile neno unalotaka kulificha kwa ajili ya walio mbele yako, lianze hilo hilo. Wakikunyima kura, wakunyime wakiwa wamekusikia.

Mungu akupe watu wa kukugeuzia kiti, na siku wakikigeuza asikunyime ujasiri. Nenda, mwanangu, nimekubariki. Isongole nami nitakuja, nitakaa mbele kabisa, na kiti changu kitakutazama wewe usoni.