Magoti ya Soja Cornelius

Ukiuliza nani alikuwa wa kwanza chumbani kwetu Al Thumama, hapa Doha, kupanda mbao za skii, zile za kutelezea kwenye theluji, utaambiwa ni mimi, Gerishon dereva. Shule niliiacha darasa la sita, lakini theluji haiulizi cheti. Mwarabu ninayemwendesha hupeleka familia yake milimani Gudauri, nchi ya Jojia, kila Januari, nami huenda nao kubeba mizigo. Mara ya kwanza nilianguka kama gunia la viazi. Mara ya pili nilishuka mlima mzima nikipiga mluzi. Yangu yatosha. Leo nawapa habari za Cornelius.

Cornelius ni soja, analinda geti la mtaa wa matajiri kule Al Rayyan. Kwao ni Timau, chini ya Mlima Kenya. Utoto wake wote aliiona theluji asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, na hakuwahi kuigusa hata kwa kidole. Basi alipojua mimi nimeikanyaga, akaniuliza maswali kama karani wa sensa. Je, ina uzito? Ikianguka unaisikia? Nani huifagia? Nilimjibu yote, hata nisiyoyajua.

Mwaka ulipokuwa unaisha akasikia kuna jengo hapa Doha lenye theluji ndani, watu wanateleza humo kwa raha zao, na linatafuta wasaidizi. Akaenda. Meneja aliposikia mtu ametoka chini ya mlima wenye barafu, akamuuliza kama anajua kuteleza kwa skii. Sasa, wewe huwajui masoja. Soja husema "Yes, sir" kabla swali halijamfikia. Akaambiwa aanze kazi mwezi wa pili, na siku hiyo ya kwanza ashuke mteremko mbele ya meneja. Akishindwa, arudi getini.

Alinikuta Al Sadd nikinywa chai ya karaki.

"Anko, nimejichoma."

"Umeiba?"

"Nimesema najua kuteleza."

Chai ilinitoka puani. "Wewe? Hata sabuni ya bafuni inakushinda!"

"Cheka tu. Lakini mimi kiangazi kingine pale getini sikiwezi. Mwezi wa saba uliopita niliona mageti mawili, nikaenda kufungua lile ambalo halipo."

Hapo sikucheka. Nilimwendea Mwarabu wangu, nikamwambia safari hii mizigo ni mingi na mgongo wangu umeanza kuzeeka, ila namjua mtu mwenye nguvu aliye likizoni. Mgongo wangu ni mzima kama nguzo ya stima, lakini Mwarabu alikubali, na Januari tukaruka pamoja.

Kule Gudauri, Cornelius alishuka garini, akavua glavu, akaigusa theluji kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima pasi. Akaikanyaga. Akaikanyaga tena.

"Anko, inalia! Kama gunia la unga ukilifinya."

"Ngoja ikuangushe, utalia wewe."

Nilimvisha buti, nikamfunga mbao, nikamweka mahali pa watoto. Nikamwambia kunja magoti. Wapi! Alisimama wima, kifua mbele, kidevu juu. Si kiburi. Getini kwao soja akikutwa ameinama kidogo, anaandikiwa kuwa alilala kazini, na miaka yote hiyo imemkausha magoti.

Nikiwa bado nambembeleza, akapita mwalimu wa skii, jibaba lenye koti jekundu, beji kifuani na redio begani. Cornelius akamdhania msimamizi wa masoja. Akakaza visigino, akapiga saluti, na mbao zikaondoka naye. Alishuka vile vile, mkono kwenye paji la uso, hadi akazama kwenye wavu wa kuzuia watu kule chini. Watoto wa Mwarabu wakapiga makofi, wakidhani ndiyo staili ya Kenya.

Siku zilizofuata aliuchora mlima mzima kwa makalio. Nilimtania, nikamtukana, nikamshikia mabega kwa nguvu. Akikunja magoti huku, mgongo unanyooka kule. Siku ya kuamkia safari ya kurudi alikaa kitako kwenye theluji asiulize lolote, nami nikaogopa, maana Cornelius asipouliza kitu ni mgonjwa.

Mwishowe akainua kidole. "Anko, mbona yule msichana amekaa kama anakamua?"

Nikatazama. Mtoto mdogo anashuka polepole, ncha za mbao zimekaribiana, magoti yameingia ndani, kiuno chini.

"Kukamua nini?"

"Ng'ombe. Ndoo si unaibana na magoti? Ukilegeza, inamwagika. Ukisimama wima, humfikii ng'ombe."

"Hilo nilitaka kukwambia tangu juzi," nikasema.

Akainuka. Akachuchumaa kidogo, akaibana ndoo isiyokuwepo, akajiachilia. Nikamfuata nyuma nikipiga kelele, "Kamua! Maziwa yasimwagike!" na Wajojia wakitutazama kama wendawazimu. Akafika chini akiwa amesimama kwa miguu yake.

Mwezi wa pili nilimpeleka mwenyewe kwenye lile jengo, nikabaki nje ya kioo. Alisimama juu ya mteremko. Meneja alikuwa chini, koti zito, redio mkononi. Akainua mkono kumpa ishara, na kioo karibu nikipasue kwa paji la uso, maana niliuona mgongo wa Cornelius unaanza kunyooka na mkono wa saluti unapanda. Ulifika kifuani, ukasita. Kisha ukashuka, na magoti yakakunjika.

Alikuja polepole kama bibi aliyebeba mayai, akasimama mbele ya viatu vya meneja. Nikangoja ile "Yes, sir" yake. Badala yake nikaona anainama, anachota theluji kwenye kiganja, anamwonyesha meneja na kumuuliza kitu. Meneja akacheka, akaelekeza dari, akaelekeza ukuta, halafu akamwongoza kwenye mlango wa chumba cha mitambo ya kutengeneza theluji.

Nilikaa pale kwenye kioo nisijue kama mtu wangu ameajiriwa ama amefukuzwa. Alipotoka, alikuwa amevaa koti la kazi linalomfika magotini, bado anamuuliza meneja, na meneja bado anamjibu.