Shingo Yangu na Papa wa Mwandiga

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mimi niliyeishia darasa la pili nilikuwa nauza dagaa kuanzia Ujiji hadi Kidahwe. Shingo ikaanza kunenepa. Nikajua ni utajiri huo, nikaacha kifungo cha juu wazi watu waione.

Mama wa mchumba wangu, pale Mwandiga, hakudanganyika. "Baba, hilo ni rovu. Usipojitibu, binti simtoi."

Mganga wa zahanati akanieleza: chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama harage, inayotuma amri tezi ya shingo ifanye kazi. Madini joto yakikosekana, kazi haifanyiki, amri zinazidi, shingo inavimba.

"Kama bwana shamba anayefokea watu wasio na majembe," nikasema.

"Ndiyo hivyo, ndugu. Kula samaki."

"Samaki? Mimi?"

"Wa baharini. Wa ziwani hawatoshi."

Nikaagiza papa mkavu kutoka Dar es Salaam. Nilipomshusha stesheni, wateja wangu wa dagaa walicheka mpaka wakakaa chini. Nikampeleka Mwandiga kichwani, mama aone najitibu kweli. Akaziba pua, akakubali posa.