Makaa ya Kusafisha Mto

Kiwanda kilichoniajiri Bungoma kilitia rangi nyuzi za sweta za shule, na maji yake machafu yaliteremka mpaka kwenye kijito cha Kabuchai anakochota maji mama yangu. Siku moja akanipigia simu, ameudhika kweli.

"Leo mto ni kijani. Jana ulikuwa buluu. Ng'ombe amekataa kunywa, mimi bado nakunywa. Si wewe ndiyo fundi wa maji huko?"

Aibu ilinishika. Nikaanza kutengeneza kichocheo, kitu cha kuipa nguvu dawa ya kuondoa rangi majini. Nilichoma magunzi ya mahindi kutoka Tongaren yakawa makaa, nikayaroweka katika maji yenye chumvi ya chuma, nikayakausha, kisha nikayapeleka Kitale kuyaoka upya kwenye tanuri la chuo. Ukiyatia katika maji ya rangi pamoja na ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda, rangi huunguzwa mpaka ikapotea. Kwenye ndoo ilikubali kabisa! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kumbe nilisahau niko Kenya. Nilipojaza magunia ya makaa hayo kwa mtambo wa kusafishia maji ya kiwanda, mkurugenzi alisema haufunguliwi bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi haji bila mbuzi. Hema zikaja, viti vikaja, mama na majirani zake wakaja. Mgeni akachelewa mpaka mbuzi wakaongezwa, na wapishi wakaishiwa na makaa. Wakaona magunia yangu stoo.

"Bosi, hiyo makaa yako inashika vizuri, bana!" mpishi mmoja alinisifu, akipepea gunia la mwisho.

Nilitaka kulia. Mkurugenzi wala hakutikisika. Alimimina maji ya chupa kwenye jagi, akaliinua juu. "Haya ndiyo maji yanayotoka kiwandani!" Makofi yakapigwa. Mgeni rasmi, kijiti cha meno mdomoni, akasema haya ndiyo maendeleo.

Mama akasimama. Hakumtazama mgeni wala mkurugenzi, alinitazama mimi.

"Mwanangu, ni kweli?"

"Ni ya chupa, mama. Dawa ya mto ndiyo imechoma nyama."

Mgeni rasmi akatoa kijiti mdomoni.

"Ati? Ngoja kwanza. Hiyo nyama nimekula, iko salama kweli?"

Mama akamjibu kwa upole, kama anayembembeleza mtoto: "Mheshimiwa, hata sisi hujiuliza hivyo kila asubuhi, tukishika kikombe."