Sumaku Juu ya Disketi Tatu

Bati la biskuti nililikuta palepale lilipoachwa, juu ya dari ya nyumba ya bibi kule Didia, limefunikwa kwa gunia kuukuu la pamba na kujaa masizi. Shangazi, ambaye ndiye anayeishi katika nyumba ile tangu bibi afariki, alinishikia ngazi huku akinicheka: mwanamke mzima, mwalimu wa kompyuta huko Geita, anapanda darini kama paka kutafuta gemu. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha darini sharti apande. Nilishuka nalo, nikalipangusa kwa kanga, nikalifungua uani kweupe. Kabla sijagusa chochote niliona kitu nilichokuwa nimekisahau kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikakaa chini kwenye vumbi. Shangazi akadhani nimeumwa na nge.

Ngoja nikurudishe nyuma, rafiki yangu, maana ukisikia mwisho peke yake utasema huyu mama ana wazimu, kulilia bati. Mwalimu wangu wa hesabu bado yu hai. Amerudi kuishi Kahama, mzee aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia, ulimi wake unakwenda polepole. Nilipomtembelea mwaka jana aliniomba kitu kimoja tu: alione tena gemu alilolitunga mwenyewe ujanani, gemu la kompyuta ambalo halikuwahi kutoka, halikuuzwa, wala halikuchezwa na mtu yeyote duniani ila mimi na yeye. Lote lilikuwa ndani ya disketi tatu, na hizo disketi alinikabidhi mimi nikiwa na miaka kumi na moja. "Bado unazo?" aliniuliza. Nikamjibu kifua mbele kwamba ninazo.

Nilikulia Kahama, nyumba yetu ikipakana na mashine ya kukoboa mpunga. Kama hujawahi kuishi jirani na mashine ya mpunga, hujui usingizi wa mchana una thamani gani. Ilinguruma tangu wakulima waliposhusha magunia asubuhi hadi jua lilipoelekea magharibi, na vumbi la pumba liliingia kila mahali: kwenye nywele, kwenye mtungi wa maji, kwenye nsansa, yale majani makavu ya kunde ambayo mama aliyaunga kwa karanga jikoni. Tulikula pumba bila kujua. Mpaka leo nikipita mahali wanapokoboa mpunga, harufu ile kavu na tamu kidogo hunisimamisha njiani, nikaonekana mshamba.

Upande wa pili wa mashine alikaa mwalimu. Alikuwa kijana mwembamba, bado hajaoa, mwenye kucheka bila sauti. Ofisi moja ya watafiti wa madini ilipouza vitu vyake chakavu, wenzake walinunua viti na makabati; yeye akanunua kompyuta, yenye kioo kidogo kilichoandika kwa rangi ya kijani tu. Mtaa mzima ulikwenda kuitazama. Jirani mwenye mashine alizunguka nyuma yake, akarudi mbele, akasema, "Mwalimu, umeuziwa televisheni isiyoonyesha mpira." Lakini alikuwa na roho nzuri, akamruhusu avute waya kutoka kwenye jenereta la mashine. Hapo ndipo kompyuta ya mwalimu na mpunga wa Kahama vilipofungwa kamba moja. Mpunga ukikobolewa, kompyuta inawaka. Magunia yakiisha, jenereta linazimwa na kioo kinakuwa cheusi.

Gemu lenyewe lilikuwa la kuswaga ng'ombe. Usitafute picha nzuri, hazikuwapo. Kila ng'ombe alikuwa herufi N, fisi alikuwa F, mto ulikuwa mistari ya mawimbi, na mchungaji alikuwa alama ya kujumlisha. Ng'ombe ishirini walitoka kijijini, ukawavusha mito saba, ukawapitisha kwenye miiba na mashamba ya watu wenye hasira, ili uwafikishe mnadani. Kila walipovuka salama, kompyuta ilipiga mluzi, sauti tatu za kupanda na moja ya kushuka, kama wachungaji wa kwetu wanavyoita mifugo. Nakuapia, kwa mtoto aliyewahi kuchunga, herufi zile zilikuwa na pembe na mikia. Nilimjua hata yule N mtukutu aliyependa kubaki nyuma.

Mwalimu hakunichagua kwa sababu nilikuwa hodari. "Kazi yako ni kukosea," aliniambia. "Mimi nikilicheza silioni kosa, maana nalijua. Wewe kosea, halafu uniandikie." Basi nikitoka shule, na nikiwa nimekwisha kuteka maji na kuanika michembe ya viazi vitamu, mama aliniruhusu niende. Nilikaa kwenye kigoda na daftari langu, mlango umeachwa wazi ili mama anione kutoka uani, nikakosea kwa bidii zote. Nikaandika: fisi amepita juu ya maji. Ng'ombe wamekuwa ishirini na mmoja. Mchungaji ameingia kwenye mti, hatoki. Kesho yake nilikuta vyote vimesahihishwa, nikajiona mtu mkubwa kuliko mkuu wa shule.

Mnadani sikuwahi kufika. Ng'ombe wakipotea mtoni, kioo kiliandika: NG'OMBE WATATU WAMEPOTEA. UNARUDI? Ungeweza kukataa, ukaendelea na waliobaki. Mimi sikuweza. Nilikuwa mjukuu wa mfugaji, na kwa bibi yangu ng'ombe aliyepotea alisubiriwa na mji mzima, hakuna anayekula. Nilirudi kila mara, hata kwa mmoja, na nikiwa bado narudi jenereta lilizimwa. Jirani alipiga kelele, "Mpunga umeisha!" na safari yangu yote ikafutika, kesho nianze tena na ng'ombe ishirini. Mwalimu alinitania kwamba mchungaji wa namna yangu atazeekea porini. Nikimuuliza kuna nini mnadani, alicheka kile kicheko chake kisicho na sauti. "Ukifika utaona."

Kulikuwa na mtu wa Dar es Salaam, mwenye duka la kompyuta, aliyemwahidi kwamba atalinakili gemu lile na kulisambaza. Mwalimu alipiga pasi shati lake jeupe, akapandia treni Shinyanga kwenda huko. Alirudi baada ya wiki na mfuko wa machungwa kwa ajili yangu. Alisema wameahirisha mpaka mwakani. Lakini nilimsikia akimweleza baba ukweli: walimcheka. Wakamwonyesha magemu ya kuchomeka kwenye televisheni, yenye magari na rangi zote, wakamuuliza nani atacheza na herufi N. Mwezi uleule kompyuta iliungua, jenereta lilipopandisha umeme ghafla. Halafu ikaja barua ya uhamisho. Siku anaondoka aliniletea disketi tatu ndani ya bahasha ya kaki. "Nitunzie mpaka nipate mashine nyingine," alisema. "Wewe ndiye unayelijua."

Sasa nije kwenye sumaku. Baba yangu alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, kwenye machimbo ya upande wa Geita. Alirudi nyumbani na mchanga mweusi kidogo ndani ya kitambaa, akaumwaga kwenye karatasi, akapitisha juu yake sumaku kubwa ya duara aliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Chembe za chuma ziliruka na kusimama juu ya sumaku kama nywele, na chini, kwenye karatasi, zikabaki punje za njano. Kwa mtoto hakuna muujiza mkubwa kuliko ule. Nyumbani kwetu sumaku ile haikuwa chombo cha kazi tu. Bibi aliilaza juu ya mbegu za karanga kabla ya kupanda. Kaka yangu alipokuwa na mtihani, mama aliiweka chini ya mto wake, na akafaulu, sasa nani angebisha? "Sumaku ya baba yako inaita, ng'wana wane," bibi alikuwa akiniambia, yaani mwanangu. "Inaondoa uchafu, inaita riziki."

Umeshajua nilichofanya.

Nilichukua bati la biskuti, nikaweka bahasha ya mwalimu na daftari langu la makosa. Baba alikuwa ameshaacha uchimbaji kwa sababu ya kifua, sumaku haikuwa na kazi. Nikailaza juu ya disketi, nikaifunga kwa kamba ya katani isitoke mahali pake. Nakumbuka nilichosema, kwa sauti, kama sala: iondoe uchafu, ibakize dhahabu, iwaite watu wa Dar es Salaam walitake gemu la mwalimu. Kisha nikampelekea bibi Didia alifiche pakavu, mahali ambapo watoto hawafiki. Nilijiona nimetenda jambo la busara kuliko yote niliyowahi kutenda.

Nikaja kusoma, nikaajiriwa, nikapanga nyumba Kalangalala, palepale Geita. Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi nawaeleza kwamba disketi za zamani ziliandikwa kwa nguvu ya sumaku, kwa hiyo sumaku nyingine ikizikaribia inafuta kila kitu. Nimelisema hilo mara ngapi! Nimelisema nikiandika ubaoni, na sikuwahi hata mara moja kuliona bati la biskuti. Mwalimu aliponiuliza kama bado ninazo, nilikumbuka bahasha, nikakumbuka dari ya bibi. Sumaku ilikuwa imenitoka akilini kabisa.

Nilikuwa hata nimempata mtu wa kunisaidia, dada mmoja wa Dar es Salaam anayekusanya magemu yaliyositishwa kabla ya kutoka, yale ambayo watengenezaji waliyaacha njiani yakabaki kwenye masanduku ya watu. Ana wenzake nchi za mbali, wana mashine za kusoma disketi zilizozeeka. Nilipomsimulia kwenye simu habari za herufi N, alisema, "Dada, kutoka huko kwenu sijawahi kupata hata moja. Usizichomeke disketi kwenye mashine yoyote. Nitumie zikiwa vilevile zilivyo." Nikampigia mwalimu siku hiyohiyo kumpa habari. Nilimsikia akimwita binti yake amletee kiti, anataka kusikiliza akiwa amekaa vizuri.

Basi ile siku pale uani Didia, kamba ya katani bado imefunga, sumaku imelala juu ya bahasha kama nilivyoilaza. Daftari lilikuwa limeliwa na mchwa, limebaki gamba. Shangazi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nimeliua gemu la mwalimu. Akaishika sumaku, akaigeuza, akasema, "Si ndiyo ile ya baraka?" Nikalia.

Nilizituma hata hivyo, maana mtu haachi kumpeleka hospitali mgonjwa kwa kuwa anajua atakufa. Yule dada alikaa nazo wiki tatu. Majibu yake yalikuwa ya upole mno, na upole wake ndio uliniumiza. Disketi mbili hazikuwa na kitu kabisa. Kwenye ya tatu, pembeni, kulikuwa na kipande cha maneno kilichosalimika, mstari mmoja. Akanitumia picha yake: NG'OMBE WATATU WAMEPOTEA. UNARU. Basi, hapo ndipo palipokatika. Alisema atauhifadhi mstari huo pamoja na jina la mwalimu, kwamba gemu hili liliwahi kuwepo.

Nilikwenda Kahama Jumamosi. Mashine ya mpunga haipo tena, pamejengwa nyumba ya wageni yenye vioo vya bluu, na mtaa ule una ukimya mchana hadi masikio yananiwasha. Jenereta la kunguruma halipo, wa kupiga kelele kwamba mpunga umeisha alishazikwa. Watoto wamekaa barazani na simu zao, wana magemu elfu, na hakuna hata moja linalojua kuita ng'ombe kwa mluzi wa kwetu. Lililojua lilikuwa moja tu, na nilikabidhiwa mimi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja nalo?"

Nilipiga magoti pale kwenye mkeka, nikamweleza yote: bati, kamba, sumaku, sala yangu. Nikamwonyesha ule mstari kwenye simu. Aliusoma kwa muda mrefu. Nilitamani anifokee, ningepata pa kushika. Badala yake alicheka bila sauti, upande mmoja wa uso. "Nilikuambia kazi yako ni kukosea," alisema polepole. Binti yake akaleta chai na viazi vya kuchemsha. Hakuna aliyegusa.

Nikaona angalau kimoja tunaweza kukiokoa, kikae kichwani mwangu kama hakiwezi kukaa kwenye disketi. Nikamuuliza lile nililomuuliza nikiwa na miaka kumi na moja. "Mwalimu, mnadani kulikuwa na nini?"

Alifumba macho. Mkono wake wa kushoto ulianza kutembea juu ya goti, vidole vikibonyeza kimoja kimoja, vikirudi, vikijaribu tena. Nilisubiri. Chai ilipoa. Vidole vikasimama, akafumbua macho akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nilitaka nilione."