Viatu Nilivyoviacha Nje ya Renji

Mwenzenu najijua. Nikiwaambia niliona papa mkubwa kama msikiti, mpunguzieni mkia, mpunguzieni na kichwa, mtakachobaki nacho ndicho cha kweli. Lakini hiki cha leo sikukitia chumvi hata punje. Kilinikuta mimi, kwa macho haya mawili, tena si usiku wa manane wala nini, mchana kweupe, jua la utosi. Anayetaka ushahidi aje nyumbani nimwoneshe kiatu. Kimoja. Kwa nini kimoja? Ndiyo habari yenyewe hiyo.

Ilikuwa miaka ya themanini, ile ya mwanzo mwanzo, Kilifi bado tukivuka kwa feri. Mimi dereva wa Mzee Athumani, mwenye duka la jumla pale Mambrui. Mzee huyu alikuwa na hamu moja tu duniani, kwenda Hija yeye na mkewe, Bi Rukia. Shida ni kuwa ndege haipandi, asema chuma hakina haki ya kuwa juu. Na bahari haiwezi, akiona karai la maji tu kichwa chamzunguka. Basi akakaa, akafikiri, akakata shauri kwenda Makka kwa gari. Tupande Isiolo, tupite Marsabit, tuingie Habeshi, tutokee Sudani, na pale penye maji kidogo mwisho wake atafunga macho avushwe. Mji mzima ulicheka. Yeye hakucheka.

Sasa Malindi kulikuwa na Mtaliana mmoja mwenye magari mawili ya kupita porini, yote ya kitajiri, moja auza na moja abaki nalo, na lipi ni lipi yeye mwenyewe hajali. Moja Renji, ya kijani. Jingine Kruza, jeupe. Mzee akaniita barazani akanambia, "Kijana, mimi magari siyajui. Yajaribu yote mawili kwenye mchanga, unichagulie. Ukichagua sawa, kiti cha mbele ni chako, twaenda Hija pamoja. Ukikosea tutakufa kiu jangwani sote watatu, na huko tuendako nitakulaumu wewe."

Mimi huyu, mtoto wa mkwezi wa Kaloleni, nisiyejua kusoma hata kibao cha njia, Hija ningeipata wapi tena? Usiku ule sikulala. Nilikuwa kitandani nabadilisha gia.

Siku ya kwanza nikachukua Kruza. Nikalipeleka njia ya Marafa, kwenye ule mto mkavu kabla ya kufika milima ya Nyari, mahali ambapo mchanga humeza lori na kucheua usukani. Lilipita. Lakini lilivyonirusha, bwana, figo la kulia lilihamia kushoto na hadi leo halijarudi kwake. Nikarudi nimekuwa mwekundu mwili mzima, kope zenyewe zina vumbi.

Bi Rukia alikuwa amekuja Malindi kuyaona magari. Kruza alilitazama tu. Renji akaingia akaketi, akafumba macho, akatabasamu, akasema, "Hili lina adabu." Mzee alipoona mkewe ametabasamu, roho yake ikenda hapo hapo. Akanambia kesho nijaribu hilo, na kwa sauti yake nikajua anataka nimjibu nini.

Basi asubuhi nikafika ua wa Mtaliana, nikafungua mlango wa Renji. Jamani. Mmeshawahi kuona kapeti ndani ya gari? Si kipande, kapeti la ukutani hadi ukutani, refu, mbuzi angepata malisho. Viti laini hata nikajiuliza nimeketi ama bado. Na mimi nimevaa akala zangu za tairi, zile zilizokanyaga mavi ya kila mnyama wa pwani hii, ya kushoto nimeishona ukanda kwa waya wa buluu. Sasa mtu aliyelelewa, akikuta kapeti, afanya nini? Avua viatu. Nikavua, nikavipanga vizuri pale chini kando ya mlango, nikasema bismillahi, nikaingia na mguu mtupu, nikaondoka zangu.

Mmeelewa nilichofanya? Mimi sikuelewa. Nilishavuka daraja la Sabaki, nimepita Mambrui, nimekata kushoto kuingia bara, bado najiona mstaarabu.

Gari lile halikwenda, lilielea. Mashimo nayaona kwa macho lakini mwilini hayafiki. Jua lilikuwa limesimama juu ya kichwa, na mbele yangu barabara imekuwa maji, maji meupe yanayokimbia kila nikiyasogelea. Milima myekundu ya Nyari ikawa yaning'inia hewani, haina miguu. Hua walinyamaza. Mguu wangu mtupu juu ya pedali ya mafuta, naona kama nimekanyaga shavu la mtoto. Sikumbuki nikisinzia. Nakumbuka tu nilinusa udi, nikasema moyoni, kumbe hata harufu wameweka hawa watu.

Nilipozinduka, kimya. Gari limesimama katikati ya mto mkavu, mchanga umefika nusu ya magurudumu. Kosa si la gari, kosa ni la dereva aliyelala. Haya, nikafungua mlango nishuke nichimbe. Nikaweka mguu chini.

Nikaurudisha.

Mchanga wa Marafa adhuhuri ungekaanga sambusa bila mafuta. Natazama chini nitafute akala zangu, ndipo akili ikanijia. Viatu viko Malindi. Vimepangwa vizuri, vyanisubiri. Nikakaa mlangoni kama kuku juu ya mayai, miguu juu, koleo mkononi, siwezi kushuka. Na maji ya kunywa? Kichupa. Nilijiona nimeikosa Makka kwa sababu ya nyayo.

Ndipo nikamwona mtu.

Alikuja kwa nyuma, kwenye njia niliyopita, kutoka ndani ya yale maji ya uongo. Mwanzo mrefu kama mnazi, kisha akafupika, kisha akawa mwanamke mtu mzima, kajitanda kanga nyeupe isiyo na jina wala maandishi. Hakuwa na haraka. Nikamtazama miguu kwanza, maana sote tumeambiwa tangu utoto, tazama kama ni kwato. Si kwato. Ni miguu ya mtu, safi, ina hina. Na imevaa akala. Ya kushoto imeshonwa kwa waya wa buluu.

Nikamwamkia, ningefanya nini. "Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Viatu vyako hivi."

Alisema kama jirani aliyekurudishia mbuzi. Sauti yake yatoka mbali kidogo kuliko mdomo wake. Uso wake nimejaribu miaka yote hii kuukumbuka, siupati. Nikiutafuta nauona uso wangu mwenyewe kwenye kioo cha gari.

Nikamwuliza kavipata wapi. Akacheka taratibu.

"Nilivikuta mlangoni. Viatu vikiwa mlangoni, mwenyewe yumo ndani, si ndivyo mlivyofunzwa? Nikabisha hodi nisikie nani yumo. Hamna mtu. Hamna ndani. Mlango wenyewe umeondoka. Basi nikavivaa nije nikutafute."

"Kutoka Malindi? Kwa miguu?"

"Ulikuwa ukienda polepole," akasema.

Polepole. Mimi niliyepita Marikebuni kuku wakipukutika manyoya.

Mwili ulikuwa umeshakufa ganzi, lakini mnanijua, mdomo wangu hufa mwisho. Na kitu kilichonikaa rohoni kilikuwa kimoja tu. Nikasema, Bi mkubwa, maadamu umefika, niambie. Mzee wangu ataka kwenda Makka. Nimchukulie gari gani, hili ama lile jeupe?

Akainama akachungulia kapeti. Hakuligusa.

"Hili ni chumba," akasema. "Zuri. Lakini chumba mtu hukaa. Njia ya mbali mwanangu utashuka kusukuma, utashuka kusali, utashuka kuzika. Chukua lile unaloingia na viatu."

Akavua akala ya kulia akanipa. Ya kushoto akabaki nayo mguuni.

"Na hiki?" nikauliza.

"Hiki nauli yangu. Na mimi nakwenda."

Kisha akanambia washa. Nikawasha. Wallahi sikuchimba, sikutoa upepo magurudumuni, gari likainuka mchangani kama mtu aliyeitwa chakula. Nilipogeuka kushukuru, pale pana joto tu, na harufu ya udi.

Sasa sikilizeni sehemu inayoninyima usingizi. Kurudi, nilipita juu ya alama zangu mwenyewe. Na katikati ya zile alama za magurudumu, kila mahali penye vumbi, pana nyayo za akala. Zanifuata. Mguu baada ya mguu, hatua ya mtu atembeaye tu, kutoka Marafa hadi lami. Na nilipofika kwa Mtaliana, uani, zimo. Zaanzia pale pale nilipovua.

Askari wa geti, mzee wa Rabai asiyejua mzaha, akanitazama kwa hasira. Asema, "Wewe leo una maringo. Umetoka na gari, hata vumbi halijatulia nakuona watoka tena kwa miguu, nyuma ya gari lako mwenyewe. Nikakusalimia. Hukuniitika."

Nikamkabidhi ufunguo.

Nikaenda Mambrui nachechemea, kiatu kimoja. Mzee barazani, Bi Rukia kando yake, ameshashona na mito ya kuweka kwenye Renji. Mzee akauliza, haya, lipi? Na mimi najua anataka nini, na najua nikimuudhi kiti cha mbele kitapata mtu mwingine. Nikasema Kruza. Akakunja uso. Akauliza nimetumwa nimjaribie gari ama nimvunjie mkewe moyo.

Bi Rukia ndiye aliyeuliza kiatu cha pili kiko wapi. Nikamweleza yote, tangu kapeti. Akazungusha uzi kidoleni. Kisha akamgeukia mumewe.

"Athumani, mimi magoti yangu wayajua. Nivue nivae, nivue nivae, hadi Makka? Nunua lile jeupe. Na huyu mwendawazimu ndiye atakayetupeleka, maana yeye ameshapokea nauli ya mtu."

Hivyo ndivyo gari lilivyochaguliwa. Likasomewa, likafukizwa ubani, tukaondoka.

Safari ile nikiisimulia yote mtazeeka hapa. Nitawaambia asubuhi zake tu. Kila asubuhi tukiamka porini, natazama nyuma ya gari. Katikati ya alama za magurudumu pana unyayo wa akala, wa kushoto peke yake. Mguu mmoja, mguu mmoja, kama mtoto achezaye. Mzee naye aliziona. Alikuwa akizipita kwa adabu, hazikanyagi, asema tu, "Rafiki yako hachoki."

Ng'ambo ya Habeshi, jangwani, upepo ukatukamata. Siku nzima hatuoni hata boneti. Ulipotulia, njia haipo. Alama zetu hazipo. Mchanga umelala sawa kama shuka iliyopigwa pasi, pande zote ni moja, na maji yaliyobaki ni ya kulowesha ulimi wa Bi Rukia tu, aliyekuwa amelala nyuma hasemi. Mzee akanitazama. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Nikashuka. Na viatu vyangu, vipya hivyo, miguuni. Nikazunguka kwa nyuma kutafuta unyayo, hamna. Nikalia, sitawaficha. Nikarudi mbele niegemee gari, ndipo nikauona. Ulikuwa mbele ya gari. Mmoja. Na mwingine mbele yake, na mwingine, wapanda kilima cha mchanga wapotelea ng'ambo, wa kushoto, wa kushoto, wa kushoto.

Tukazifuata. Gari likinguruma chini chini kama mtu aombaye. Jua linashuka, mchanga umekuwa wa rangi ya ndizi mbivu, na harufu ile ikaingia madirishani. Bi Rukia akafumbua macho akauliza nani kafukiza udi. Tulipomaliza kilima cha mwisho tukaona ngamia, na kisima, na watu wanatupungia mkono kana kwamba walishaambiwa.

Hija tukaipata. Mniite Haji msiniite, ni shauri yenu.

Lakini msidhani hadithi iliishia kwenye heri. Mwenzangu yule nauli yake alilipa ya kwenda na ya kurudi, na hakushuka. Hadi leo watu waniambia walinikuta Marafa adhuhuri, natembea peke yangu, wakaniita nisiitike, na siku hiyo mimi niko Kilifi nameza dawa ya homa. Na mara mbili nimefika nyumbani nikabisha hodi, mke wangu akanijibu kutoka jikoni, "Si umeingia sasa hivi?"

Kwa hiyo nawausia nyinyi wa magari ya siku hizi yenye makapeti. Kung'uta viatu, vifute, vipakate mapajani ukitaka, lakini usiviache mlangoni ukaondoka na mlango. Mimi hata msikitini naingia navyo vimefungwa kwenye mfuko, imamu amechoka kunisema.

Na mke wangu nikirudi haniangalii uso. Asimama mlangoni, aniambia nyanyua kanzu. Akiona viatu viwili, ndipo anikaribishapo. Ile akala ya kulia ameifungia sandukuni, ufunguo ameuvaa shingoni. Asema siku atakapokuja mtu amevaa ile ya kushoto peke yake, yeye atamwuliza kwa heshima tu, Haji wangu mmemwacha wapi.