Picha ya Mke wa Seremala

Pale ofisini kwa gazeti walimwita Mama Mitambo, kwa kuwa tovuti yote aliitengeneza yeye. Ukurasa aliouonea fahari zaidi ni wa matangazo ya vifo. Mfiwa alijaza jina la marehemu, akapandisha picha kutoka kwenye simu yake, na programu ya Mama Mitambo ikaipokea kwenye seva, kompyuta kuu ya gazeti, na kuihifadhi.

Jumatatu moja asubuhi akaingia mzee mmoja seremala, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, nimefungua tangazo la mke wangu. Jina ni lake, lakini aliyepo pale simjui."

Mama Mitambo akafungua. Kweli, chini ya jina la yule bibi alitabasamu kijana mwenye masharubu. Akaisoma programu yake, wala hakuhitaji kufika mbali. Ilikuwa ikihifadhi kila picha kwa jina lilelile ililotoka nalo kwenye simu. Ya seremala iliitwa "picha1". Siku tatu baadaye mfiwa mwingine akaleta "picha1" yake, ikaikalia ile ya kwanza na kuifuta. Mstari mmoja wa kukagua kama jina limeshatumika ungetosha. Hakuuandika, siku ile alikuwa mbiombio.

"Na ile ya kwenye simu, baba?"

"Simu ilitumbukia majini wiki ya mazishi. Sikuhangaika, nilijua picha ipo kwenu."

Akapekua nakala za akiba. Zote zilichukuliwa baada ya kosa. Kila aliyoifungua ilimtolea masharubu yaleyale. Mhariri, aliyekuwa meza ya jirani, akamkonyeza asingizie mtandao. Akashindwa kusema uongo.

"Baba, kosa ni langu. Programu niliandika mimi. Picha ya mama imefutika, haipo tena."

Seremala akaupapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba kana kwamba anatafuta panapokwaruza.

"Hakupenda kupigwa picha," akasema hatimaye. "Ile nilimvizia akianika nguo, anacheka."

Akainuka, akamshukuru kwa kusema kweli. Shukrani ile ilimchoma Mama Mitambo kuliko tusi.

Mchana huohuo akairekebisha programu, kila picha ipewe namba yake peke yake. Kisha akawapigia wafiwa wote ambao picha zao zilifutika. Walikuwa kumi na mmoja. Tisa walikuwa bado na zao kwenye simu, wakazituma tena.

Jumamosi akafuatana na seremala hadi kwa shemeji yake, dada wa marehemu. Katika albamu nzima walipata moja tu, ya kundi la watu arusini, marehemu yuko safu ya nyuma, nusu ya uso imezibwa na kofia ya mtu. Mama Mitambo akaipandisha kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki mbili baadaye seremala akapiga simu.

"Iondoe tu, mwanangu. Kila anayeifungua ananiuliza, ni yupi?"

Akaiondoa. Likabaki jina.